Pikapu ya Ruanda Kwenye Mchanga wa Matema

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya ubishi. Wenzangu husafiri kutembelea ndugu au kutafuta matibabu. Mimi nilisafiri siku tano, nikalala kwenye hema kando ya ziwa, ili kumwonyesha shemeji yangu kwamba najua kuendesha gari.

Mume wangu, Baba Neema, alifariki miaka miwili iliyopita hapa kwetu Ruanda, wilayani Mbozi. Aliniachia watoto watatu, shamba la kahawa na pikapu ya bluu. Mdogo wake, Yohana, alichukua ufunguo siku ya kuondoa matanga akasema anautunza. Sikumlaumu, kwa sababu ni mtu mwema. Msimu ule wa kwanza alipalilia kahawa yangu kabla ya yake. Lakini gari lilikaa chini ya turubai pembeni ya mashine ya kukobolea, kuku wakaanza kutagia ndani, na kila tukikutana alikuwa na sentensi moja tu: gari halina dereva, afadhali liuzwe.

Nikaenda kusoma udereva Vwawa bila kumwambia mtu. Ukoo ulipokaa baada ya mavuno mwaka huu kuzungumzia kuliuza gari, niliweka leseni yangu mezani. Yohana aliigeuza mbele na nyuma, akairudisha taratibu.

“Shemeji, hii leseni umepewa na serikali,” akasema. “Barabara bado haijakupa.”

Nina ulimi mwepesi, na siku ile ulinitangulia. Nikamwambia nitaendesha gari lile kupitia Ileje hadi Matema, Ziwa Nyasa, na nitarudi kwa njia ya Tukuyu na Mbeya. Kwa nini Matema? Kwa sababu Baba Neema aliniahidi kunipeleka huko tangu tulipooana, na kila mwaka kahawa ilimkatalia. Wazee walicheka, kisha wakaona si jambo la kucheka. Tukakubaliana hivi: siku tano, na usukani nishike mimi peke yangu. Mtu mwingine akiushika, hata kwa hatua moja, gari linauzwa. Nikirudi salama, kadi ya gari ni yangu.

Shahidi akawa wifi yangu Eliza, dada yao mkubwa. Eliza ni mzee wa kanisa, na uongo haumkai mdomoni. Mwaka juzi alisimama katikati ya matangazo ya ibada akamkatiza mchungaji, kwa sababu yeye Eliza alikuwa anasifiwa kwa kupamba madhabahu na kazi ile ilikuwa imefanywa na mtu mwingine. Yohana alipomteua, aliniangalia kama mtu aliyekwisha kushinda.

Habari ya kulala kwenye hema ilitokana na Eliza pia. Aliapa kwamba hawezi kulala gesti, maana mzee wa kanisa haonekani asubuhi akitoka mlango wa gesti na begi mkononi, hata kama amelala na wifi yake. Basi tukatoa fremu mbili kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, zile za mbao zenye wavu wa waya, ziwe vitanda vyetu. Tukapakia mawe matatu ya jiko, sufuria, magodoro na mahindi mabichi. Hema tungenunua njiani.

Jumatatu asubuhi niliwasha gari mbele ya ukoo mzima. Lilizimika mara mbili. Mara ya tatu likaondoka kwa kuruka kama mbuzi, na kwenye kioo nilimwona Yohana amejishika kiuno.

Tunduma tulifika kabla ya saa nne. Haikuwa kwenye njia yetu hasa, lakini mahema ya mtumba yanapatikana pale mpakani. Tatizo ni malori. Yamepanga foleni upande mmoja kilomita baada ya kilomita, upande wa pili yanakuja mengine, na katikati wamebaki bodaboda, matoroli na mimi. Mikono ilinitoka jasho hadi usukani ukateleza. Eliza alikuwa anaimba pambio kwa sauti ya chini, na kila lori lilipotupita alirudia ubeti uleule.

Muuza mahema alikuwa mama wa upande wa Zambia, mnene, amekaa juu ya robota la nguo. “Mulishani, mayo,” akatusalimu kwa Kibemba, yaani hamjambo, mama. Nikamuuliza kama hema halivuji. Akasema, “Mayo, hii tenti imelala Kasama, imelala Mpulungu, mvua imechoka yenyewe.” Nililipenda jibu lile, tukalichukua. Alipojua tunakwenda kulala nalo ziwani wanawake wawili, alikuja hadi kwenye gari akatuonyesha jinsi ya kuunga vyuma vyake. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilihisi sisi ni wasafiri, si watu wanaofanyiwa mtihani.

Kutoka Tunduma tulirudi hadi Mpemba, tukashika barabara ya Ileje. Hapo nilianza kuufurahia usukani. Lami ni nzuri, milima inakuja mmoja baada ya mwingine, na malori hakuna. Alasiri tulifika Ikinga, kwa Mama Subi, aliyefahamiana na Eliza kwenye semina za kanisa. Alitukaribisha kwa mikono miwili, lakini alipotuona tunasimamisha hema kwenye uwanja wake alisimama mlangoni na mwiko.

“Mama Neema, mmefukuzwa nyumbani?” akaniuliza.

Nikamweleza tuko kwenye majaribio ya gari. Akasema yeye ana vyumba viwili vitupu, na majirani watasema amewalaza wageni nje. Eliza angeingia ndani bila kusukumwa, lakini nikamkumbusha kwamba kama hatutajifunza kulala kwenye hema mahali penye mwenyeji, tutajifunza vipi mahali pasipo mtu. Mama Subi alisikiliza, akaondoka, akarudi na mkeka wake. Akalala katikati yetu. Asubuhi alisema mgongo unamuuma, ila hajacheka hivyo tangu Pasaka.

Jumanne ilikuwa siku ya kuteremka. Toka milima ya Ileje kwenda Kasumulu barabara ya vumbi inafuata bonde la Mto Songwe, na joto linapanda kadiri unavyoshuka. Mwalimu wangu wa Vwawa alinifundisha kwamba mteremko haushikwi kwa breki, unashikwa kwa gia, nami nilishuka na gia ya pili hadi watembea kwa miguu wakawa wanatusalimia mara mbili. Eliza alivua sweta, kisha kitambaa cha kichwa, kisha viatu. Tulipofika Kasumulu alikuwa anajipepea na Biblia.

Tukapita Kyela mjini katikati ya mipunga, mikokoa na baiskeli, na jioni tukafika Ngonga. Hapo ndipo nilipoliona ziwa. Nilidhani nitaliona kama bwawa kubwa, lenye ng'ambo. Halikuwa na ng'ambo, maji yalikwenda hadi yakakutana na mbingu. Nilizima gari nikashikwa na kilio, na sikuona haya kulia. Nilikuwa na hasira na marehemu kwa kufa kabla hajanileta, na nilikuwa na furaha kwamba nimejileta mwenyewe. Eliza alinipa kitambaa chake, akaenda kuomba ruhusa ya kupiga hema.

Kina mama wa pale walikuwa wanakusanya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, waliouanika mchangani. Nilikuwa nimebeba mfuko wa kahawa ya nyumbani, nikidhani nitawashangaza. Mmoja alionja, akakunja uso, akaniuliza kama sisi tunakunywa kila siku. Ilibidi niseme ukweli, kwamba Mbozi tunalima kahawa na kunywa chai. Tulicheka, wakatupa usipa kwa ugali, na tukala tukiwa tumeloweka miguu.

Jumatano tulipita Ipinda, na kabla ya adhuhuri tukafika Matema. Milima ya Livingstone imesimama karibu kabisa na maji, na kati yake na ziwa kuna ufuko mrefu, mweupe, unaowaka jua. Nilitaka kusimamisha gari mahali pa kujivunia, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata mtoto wa Kyela asingelifanya.

Sisi wa milimani tuna elimu yetu ya ardhi. Udongo uliokauka na kufumuka ni vumbi, unameza tairi. Udongo wenye unyevu kidogo, ulioshindiliwa, mweusi na tambarare, ndio mgumu. Ndivyo tunavyotengeneza viwanja vyetu vya nyumbani, tunanyunyiza maji na kufagia. Basi nilipoona mchanga mkavu wa juu umefumuka, na ule wa chini karibu na maji umelala tambarare kama uwanja uliofagiliwa, sikujiuliza mara mbili. Niliteremsha pikapu hadi karibu na mawimbi. Na kweli palikuwa pagumu. Nilishuka nikapiga mguu chini, nikamwambia Eliza, umeona, hapa hata lori linasimama.

Tukatembea kwa miguu hadi Lyulilo kuangalia vyungu ambavyo wanawake wa Ikombe huvileta kwa mitumbwi. Tulichagua, tukashika, tukabishana, tukakaa kivulini. Hatukujua kwamba mchana upepo hutoka kusini na kulisukuma ziwa lije juu.

Tuliporudi, mawimbi yalikuwa yanapita chini ya gari. Tairi za nyuma zilikuwa zimezama nusu.

Hapo nikaongeza kosa la pili, ambalo nalo ni la kwetu. Mbozi gari likikwama kwenye tope unakanyaga mafuta, linanguruma, linarusha matope, linatoka. Nikaingia, nikakanyaga. Gari lilichimba kaburi lake. Niliposhuka, ekseli ilikuwa imekaa juu ya mchanga, na wimbi lililofuata lilifika kwenye bomba la moshi.

Watu walikuja mbio: wavuvi waliokuwa wanashona nyavu, kina mama wawili wenye vyungu, na dereva mmoja wa lori la mpunga, mwanaume mtulivu waliyemwita Baba Gwamaka. Alizunguka gari, akaangalia maji, akanyoosha mkono na kunisalimu kwa Kinyakyusa.

“Ugonile, mama. Lete ufunguo. Mimi natoa magari hapa kila wiki, dakika tano tu.”

Nilimwamini. Ufunguo ulikuwa kiganjani na kiganja kilikuwa kimeshafunguka. Nikakumbuka wazee na neno letu la hatua moja, nikamwambia samahani, siwezi kumpa. Akaniangalia kama mtu aliyerukwa na akili, akasema upepo bado unaongezeka, na nusu saa ijayo atakuwa anatoa injini, si gari.

Eliza akanivuta pembeni. Alikuwa amelowa hadi magotini.

“Wifi, mpe,” akasema. “Mpe alitoe. Nitanyamaza.”

Nilimtazama huyu mwanamke aliyemkatiza mchungaji. Alimaanisha. Alikuwa tayari kwenda kusimama mbele ya ndugu zake na kusema uongo wa kwanza wa uzee wake, ili gari la marehemu mdogo wake lisiende na maji na nisirudi nyumbani bila kitu. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu wa upande wa mume wangu, na nadhani ni kwa sababu hiyo nilipata nguvu.

“Ukinyamaza wewe, wifi, mimi nitajua,” nikamwambia. “Tutoe vitanda.”

Tulishusha fremu za vichanja. Baba Gwamaka alipoona nimeshikilia msimamo, hakukasirika. Alikunja suruali akawa mwalimu. Akasema nisiguse mafuta hata kidogo kwanza. Nipunguze upepo kwenye tairi zote nne hadi ziwe laini. Nilipunguza mwenyewe kwa njiti, moja baada ya nyingine, huku mawimbi yakinipiga mgongoni. Wavuvi walichimba kwa makasia na mikono, na kina mama wa vyungu walichota mchanga kwa vyungu vyenyewe. Tukaingiza fremu chini ya tairi za nyuma, wavu ukiwa juu.

“Gia ya pili,” akasema Baba Gwamaka dirishani. “Usimkimbize. Mbembeleze. Akianza kutembea, usisimame mpaka nyasi.”

Nikaingia. Nikafunga macho kidogo, nikayafungua. Nikaachia klachi taratibu kuliko nilivyowahi kuiachia maishani. Nyuma watu walihesabu wakasukuma, na kati ya sauti zile nilisikia ya Eliza. Tairi zilishika waya. Mbao zikalia, moja ikavunjika, gari likainua kichwa. Halikuruka wala kunguruma. Lilipanda polepole, likapita mchanga mlaini, likapita mitumbwi, nami sikusimama hadi nikasikia nyasi zinasugua chini.

Nilipozima, mikono ilikataa kuachia usukani. Kisha vigelegele vikaja kutoka ufukoni, vya kina mama wa vyungu, na nikashuka nikapiga vyangu. Sitajifanya mnyenyekevu. Nilicheza pale kwenye nyasi, mjane wa miaka hamsini na mmoja, kanga imelowa, na watu wa Matema wakacheza na mimi. Baba Gwamaka alikataa shukrani. Alisema tu, siku nyingine niegeshe mahali anapoegesha mwenyeji.

Vitanda vyetu vilikuwa vimekwisha, tukalala chini. Alhamisi hatukwenda popote. Tulijaza upepo kwa pampu ya baiskeli tukipokezana, tukasafisha breki, tukaoga ziwani na nguo zetu. Eliza alielea chali, akasema mbingu ya huku iko karibu.

Ijumaa alfajiri tulianza kurudi. Ipinda, kisha lami ya kupanda Tukuyu, chai na migomba pande zote mbili na ukungu mzito hadi nikawasha taa. Mbeya mjini nilisimama kwenye mataa, nikaondoka bila kuzima hata mara moja. Kwenye milima ya Mbalizi malori yalitambaa mbele na nyuma yangu. Nami nikatambaa nayo, sina haraka, sina jasho. Tulipoumaliza mlima wa Senjele, Eliza alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi. Nilielewa kwamba shahidi wangu ameshatoa hukumu, kwa maana mtu halali kwenye gari asilolitumainia.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulikaa uwanjani kwangu. Eliza alisimama akaeleza yote kwa mpangilio: malori ya Tunduma, gia ya mteremko, kilio changu cha Ngonga, kosa langu la Matema. Hakupunguza. Alipofika kwenye gari kuzama, wazee walianza kutazamana, na Yohana akainamisha kichwa. Akauliza swali lake moja.

“Dada, usukani alishika nani?”

“Alishika yeye,” akasema Eliza. “Kusukuma nilisukuma mimi na wenyeji. Na kuna jambo ambalo yeye hatawaambia. Nilimwomba ampe mtu mwingine alitoe, nikamwahidi nitawaficha. Alikataa. Kwa hiyo kama kuna aliyeshindwa safari hii, ni shahidi mliyemtuma.”

Eliza alikaa chini akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, na nikaenda kukaa karibu naye.

Mnaponiuliza nilijifunza nini, jibu liko wazi. Nilijifunza kwamba maarifa ya milimani hayateremki yote hadi ziwani, na kwamba kusaidiwa na watu kumi hakukupunguzii ushindi ikiwa sehemu yako umeibeba mwenyewe. Nilijifunza pia kwamba ubishi ulionitoa nyumbani haukuwa wa gari. Nilitaka ukoo wa mume wangu uniangalie mimi, si nafasi aliyoiacha.

Yohana alitoa kadi ya gari kwenye mfuko wa koti, pamoja na ufunguo wa akiba, akaviweka mapajani kwangu, akaondoka. Nilidhani amechukia.

Jumatatu asubuhi, nikiwa naosha mchanga wa mwisho chini ya mazulia ya gari, nilimwona anakuja kwa njia ya shambani, amevaa koti lake la safari, amebeba kadi ya kliniki. Alikuwa na miadi ya macho hospitali ya Vwawa. Alinisalimia, akazunguka mbele ya gari, akapita mlango wa dereva bila kuugusa. Akafungua mlango wa kushoto, akapanda, akafunga mkanda.

“Twende, shemeji,” akasema. “Nisichelewe.”